Tusiwatafutie Mashetani Majina

Kuna mafundisho yanayopita mtaa kwa mtaa. Yaja kwa vijitabu, yaja kwa simu, yaja kwa wahubiri wa usiku wapigao kelele mpaka alfajiri. Ukiyapanga yote, wakuta mambo matatu.

Fundisho la kwanza: Eklezia imekificha kitabu cha Henoko, maana haitaki Wakristu wajue siri za malaika walioanguka. La pili: malaika hao 200 wajulikana kwa majina yao, kila mmoja na kazi yake, na anayelijua jina la pepo amekwisha kumshika. La tatu: mabaya yote ya nyumba zetu, ugonjwa, utasa, ulevi, kukosa kazi, yatoka kwa mmoja wa hao, basi atafutwe mtu humo nyumbani ambaye pepo huyo amemkalia.

Sisi twasema wazi: mambo hayo matatu ni uongo, na la tatu ni uongo wenye kuua. Hatutawajibu kwa matusi. Tutafungua vitabu vyenyewe wanavyojisifia, na vitabu hivyo vitawahukumu.

Mtu asidhani kwamba twamkana shetani. Shetani yuko. Yezu alijaribiwa naye jangwani, akafukuza pepo wengi, akatufundisha kuomba tuokolewe na yule Mwovu. Lakini kusadiki kwamba mwizi yuko si kusadiki kila mtu anayepita akisema, “Mwizi namjua mimi, nipe franka nikutajie jina lake.”

Je, kitabu kilifichwa?

Kitabu cha Henoko ni maandiko ya kale ya Wayahudi. Hakikuandikwa na yule Henoko wa kitabu cha Mwanzo, aliyeishi kabla ya gharika. Sehemu zake za zamani zaidi ziliandikwa yapata karne ya 3 kabla ya Kristu, na nyingine zikaongezwa baadaye. Waandishi walilitumia jina la mzee yule mtakatifu, kama ilivyokuwa desturi ya watu wengi wa zamani zile.

Wakristu wa kwanza walikijua vizuri. Barua ya Mtume Yuda yataja maneno yake. Yapata mwaka 200 Tertuliano wa Kartago alikitetea waziwazi. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, katika kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu, iliyoandikwa kati ya mwaka 413 na 426, alikikataa waziwazi vilevile, akisema kwamba hadithi zake hazina shina la kuaminika. Hao wawili walikuwa watu wa Afrika, nao walibishana mbele ya watu wote. Je, kitu kinachobishaniwa hadharani kimefichwa?

Baadaye kitabu kile kilisahauliwa huko Ulaya. Lakini Wakristu wa Ethiopia hawakukisahau. Walikitunza kizima katika lugha yao ya kale ya Ge'ez, na Kanisa la Waortodoksi wa huko lakihesabu kati ya vitabu vyake vitakatifu hata leo. Mwaka 1773 msafiri James Bruce, mtu wa Scotland, alirudi Ulaya na nakala zake, na moja aliitoa kwa hazina ya vitabu ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1821 Richard Laurence akakichapisha kwa Kiingereza. Na mwaka 1906 nani alikitia katika Kifaransa, tukisome sisi tuliofundishwa Kifaransa shuleni? Ni padri mkatoliki, François Martin, mwalimu wa chuo kikuu cha kikatoliki cha Paris.

Tena, tangu mwaka 1947, mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi yalitoa maandiko mengi ya zamani. Aliyesimamia uchimbaji wa mahali pale alikuwa padri wa shirika la Mtakatifu Dominiko, Roland de Vaux. Vipande vya Henoko vya Kiaramu vilivyopatikana katika pango la 4 vilisomwa na Józef Milik, naye alikuwa padri alipoianza kazi hiyo. Akavitangaza kwa kitabu mwaka 1976. Ajabu ya kuficha! Mapadri wachimba, mapadri wasoma, mapadri watafsiri, kisha mtu asimama sokoni kusema mapadri wamekificha.

Eklezia haikukificha kitabu hicho. Ilisema tu kwamba si Neno la Mungu. Ni mambo mawili mbalimbali. Mama asiyewapa watoto mizizi wasiyoijua hajawanyima chakula.

Utauliza: “Lakini Mtume Yuda alikitaja!” Ndiyo. Na Mtume Paulo alipohubiri Athene alitaja maneno ya washairi wa Kigriki, na katika barua kwa Tito akataja ya mtu wa Krete. Je, kwa ajili hiyo tuwatie washairi wapagani katika Biblia? Mtume anaweza kuokota neno jema popote, wala hakubariki kila kitu kilicholizunguka.

Kitabu chasema nini?

Sasa tukifungue. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 6, chasema kwa maneno machache sana kwamba wana wa Mungu waliwaoa binti za watu, na siku zile kulikuwako majitu duniani. Ni hayo tu. Hakuna jina, hakuna hesabu, hakuna mlima.

Kitabu cha Henoko chajaza yote yaliyokosekana. Chasimulia kwamba malaika 200, waitwao Walinzi, walishuka juu ya mlima Hermoni siku za Yaredi. Mkubwa wao aitwa Shemihaza. Wakafunga kiapo, wakaoa wanawake, wakazaa majitu. Maandiko ya Kihabeshi yasema kila jitu lilikuwa na urefu wa mikono 3000! Majitu yakala mavuno ya watu, kisha yakawala watu wenyewe. Mlinzi mmoja, Azazeli, akafundisha kufua panga na visu na ngao, na kupaka macho rangi. Wengine wakafundisha uganga wa mizizi, na kusoma nyota. Ndipo Mungu akamtuma Rafaeli kumfunga Azazeli jangwani, na Mikaeli kumfunga Shemihaza chini ya ardhi kwa vizazi 70. Majitu yakafa, na roho zao, kadiri ya kitabu hicho, ndizo pepo wabaya wanaotanga duniani.

Angalieni basi. Anayesadiki hadithi hii kama ilivyo, ajue kwamba yamhukumu yeye mwenyewe. Shemihaza na Azazeli wamefungwa. Wamefikaje kukaa ndani ya mtoto wa jirani yako? Na kitabu kilipotaja wakubwa wa Walinzi, kila mmoja na kumi wake, kilitoa majina kama 20 tu. Basi anayekuuzia majina 200, yale 180 ameyatoa wapi? Si kwa Henoko. Ameyatoa katika mfuko wake.

Kuna zaidi. Sura ya 69 ya kitabu hicho ina orodha nyingine ya walioanguka, nayo haikubaliani sana na ile ya kwanza. Humo aonekana Gadreeli, asemwaye kuwa ndiye aliyemdanganya Eva, na Penemue, asemwaye kuwa aliwafundisha watu kuandika kwa wino na karatasi. Ebu mtazameni mwuza vijitabu! Ameandika majina ya mashetani kwa wino, juu ya karatasi, na orodha yake yenyewe yasema kwamba wino na karatasi ni kazi ya shetani. Njia ya mwongo fupi.

Asili moja au nyingi?

Wahubiri wa usiku husema, “Wayahudi wa kale walijua.” Twauliza: Wayahudi gani? Maana hawakukubaliana wao kwa wao.

Kitabu cha Henoko chasema Walinzi walishuka kwa tamaa ya wanawake. Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa katika karne ya 2 kabla ya Kristu, chasema kwanza walishuka kwa nia njema, wawafundishe watu haki, ndipo wakaharibika. Tena chamtaja mkubwa wa pepo aitwaye Mastema, aliyemwomba Mungu amwachie sehemu moja ya kumi ya pepo zake, na Mungu akakubali. Kitabu cha Maisha ya Adamu na Eva chasema jambo jingine kabisa: shetani alianguka kwa kuwa alikataa kumheshimu Adamu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Na kile kiitwacho Henoko wa Pili chasema alitaka kuweka kiti chake juu ya mawingu, awe sawa na Mungu. Tamaa, uzembe, wivu, kiburi: asili nne, na kila mwandishi na yake.

Wako pia Wayahudi waliozikataa zote. Katika karne ya 2 Mtakatifu Yustino aliandika mazungumzo yake na Myahudi Trifoni. Humo Trifoni achukizwa kusikia kwamba malaika walitenda dhambi. Karne hiyohiyo rabi Shimoni bin Yohai aliwalaani wote wanaofasiri “wana wa Mungu” kuwa malaika. Kwake hao walikuwa wana wa waamuzi. Basi anayesema “Wayahudi walijua” hajawasoma Wayahudi. Ameokota karatasi moja chini ya meza yao, akadhani ndiyo karamu nzima.

Majina yametoka wapi?

Yatazameni majina yenyewe. Kokabieli maana yake ni “nyota ya Mungu”, kazi yake? Kufundisha nyota. Barakieli ni “umeme wa Mungu”; kazi yake? Kufundisha ishara za umeme. Shamshieli, “jua la Mungu”, alifundisha ishara za jua. Mtoto wa shule aona mara moja: mwandishi alichukua jina la kazi akamvika malaika. Hakulisikia jina hilo mbinguni.

Na Azazeli? Katika kitabu cha Walawi, sura ya 16, ni jina linalotajwa siku ya upatanisho, pale mbuzi mmoja anapopelekwa jangwani. Hakuna neno hata moja juu ya malaika aliyeanguka. Tena katika vipande vya Kiaramu vya Qumran yule mwalimu wa panga haitwi Azazeli, aitwa Asaeli. Wanakili walibadili herufi, na jina likageuka. Ni nguvu gani iliyo katika jina linalogeuzwa na kalamu ya mnakili?

Beelzebuli? Katika kitabu cha pili cha Wafalme twakuta Baal-zebubu, mungu wa Wafilisti wa mji wa Ekroni, ambaye mfalme Ahazia alituma watu kwake aulize kama atapona. Sanamu ya jirani iligeuzwa jina la mkuu wa pepo. Beliali? Kwa Kiebrania ni neno la kusema “ubaya usio na faida”. Shetani mwenyewe? Katika kitabu cha Yobu hilo si jina. Ni cheo, “mshitaki”, kama tunavyosema leo mshitaki wa mahakama.

Na Lusiferi, ambaye wengi waliapa kuwa ndilo jina lake la kweli? Nabii Isaya, katika sura ya 14, alimcheka mfalme wa Babeli akimwita nyota ya asubuhi iliyoanguka. Mtakatifu Yeronimo alipotafsiri kwa Kilatini aliandika “lucifer”, maana yake mwenye kuleta mwanga. Lakini neno hilohilo la Kilatini limo katika barua ya pili ya Mtume Petro kwa nyota ya asubuhi inayozuka mioyoni mwetu. Na usiku wa Pasaka shemasi alitaja juu ya Kristu mwenyewe anapoimba mbele ya mshumaa. Ni kweli kwamba Mababu wa Kanisa waliona katika maneno ya Isaya mfano wa kiburi cha shetani, na walifanya vema kutuonya. Mfano, lakini, si hati ya ubatizo.

Eklezia yafundisha nini?

Jambo hili si jipya. Mwaka 745, Papa Zakaria alikusanya sinodi Roma kwa sababu ya mtu mmoja, Adalberto, aliyejiita mtakatifu na kutunga sala yenye majina ya malaika: Urieli, Ragueli, Tubueli, Simieli na wengine. Maaskofu wakaisoma sala ile wakaikataa. Walisema Maandiko Matakatifu yatupa majina matatu tu ya malaika, Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Hayo mengine hayatoki kwa Mungu. Na mwaka 2001 Roma ilikumbusha tena, katika mwongozo wake juu ya ibada za watu, kwamba haifai kuwapa malaika majina mengine. Kama haifai kuwabunia majina malaika watakatifu, itafaaje kuwabunia walioanguka?

Juu ya asili yao, Mtaguso wa nne wa Laterano ulisema mwaka 1215 kwa maneno machache: shetani na wenzake waliumbwa na Mungu wakiwa wema, wakawa wabaya kwa nafsi zao wenyewe. Hakuna hesabu ya 200, hakuna mikono 3000. Latosha. Twajua kwamba Mungu hakuumba ubaya. Twajua kwamba kiumbe aliyepewa hiari aweza kuigeuza hiari yake kinyume cha Muumba. Hayo ndiyo yanayofaa kwa wokovu wetu.

Na mwaka 1985, tarehe 29 Septemba, sikukuu ya malaika wakuu, idara ya Roma inayolinda imani, iliyoongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu wote. Ilikumbusha kwamba hakuna awezaye kumfukuza pepo kwa sala rasmi bila ruhusa ya pekee ya askofu, tena awe padri. Ikakataza watu wasio na ruhusa hiyo kuongoza mikutano ambamo pepo wanasemeshwa na kutafutwa wanaitwa nani. Hivyo desturi hii ya kuuliza “Jina lako nani?” huku watu wakipiga makofi, Eklezia ilikwisha kuikataza zamani.

Mtu atasema: “Mbona Yezu mwenyewe alimwuliza pepo jina lake, katika nchi ya Wagerasi?” Alimwuliza kwa kuwa ni Bwana wa wote. Na alijibiwaje? Jeshi, kwa kuwa tu wengi. Hiyo ni hesabu, si jina. Kisha hakulitumia jibu lile kwa lolote. Aliwaruhusu pepo kwenda, nao wakaenda. Na wanafunzi wake waliporudi kwa furaha, walisema pepo wanawatii kwa jina la nani? Kwa jina la Yezu. Jina moja liliwatosha.

Kwa nini tunapiga kelele?

Labda wengine watasema: “Waacheni na vijitabu vyao, havimdhuru mtu.” Hapo hatukubali hata kidogo.

Mtu akiamini kwamba ulevi wake ni kazi ya pepo mwenye jina fulani, hataacha chupa. Atatafuta mtu wa kumfukuzia pepo. Mume akiamini kwamba uzinzi wake ni wa shetani fulani, hatamwomba mke wake msamaha wala hatakwenda kuungama. Dhambi imepata mwenye nyumba mwingine, naye dhamiri yalala. Yoshua bin Sira, aliyeandika yapata mwaka 180 kabla ya Kristu, aliwakemea watu wa namna hiyo: Mungu amemwachia mtu hiari yake, moto na maji viko mbele yake, anyoshe mkono apendapo. Na kitabu cha Henoko, ndiyo, chenyewe, katika sura ya 98 chasema kwamba dhambi haikuletwa duniani toka nje, bali watu waliitenda kwa nafsi zao. Ukurasa huo hatujawasikia wahubiri wa usiku wakiusoma.

Tena wako wataalamu wanaofikiri kwamba ile hadithi ya majitu walao mavuno ya watu iliandikwa kwa sababu ya majemadari waliopigana baada ya kifo cha Alexander Mkuu, mwaka 323 kabla ya Kristu, na kuinyang'anya nchi ya Wayahudi mara kwa mara. Ikiwa ndivyo, mwandishi wa kale alikuwa akiwashitaki wakubwa wenye panga. Leo hadithi yake imegeuzwa upande: badala ya kuwashitaki wenye nguvu, yatumika kuwashitaki wanyonge.

Maana ubaya wote huu huishia wapi? Kwa mtoto. Mama amekufa, baba hana kazi, mtoto akojoa kitandani au ni mkaidi; mhubiri aja na orodha yake, ataja jina, ananyosha kidole. Mtoto anyimwa chakula siku nyingi, afungwa, apigwa ili “pepo” atoke, mwisho atupwa barabarani. Nchi yetu yajua habari hiyo. Katiba ya mwaka 2006, sharti la 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto yamwadhibu afanyaye hivyo. Serikali imeona ubaya huo, Mkristu asiuone?

Basi, ndugu zetu, mtu akija nyumbani kwako na majina ya mashetani, umwulize mambo matatu: Umeyasoma wapi? Askofu gani amekutuma? Na wataka kumshitaki nani? Akikosa kujibu mawili ya kwanza, usingoje la tatu. Mwonyeshe mlango, umshike mtoto mkono.

Ukiwa na shida, umwendee padri wako au mkatekista wako. Ukiwa mgonjwa, nenda kwa mganga wa hospitali, na Misa ukaiombe pia. Ukiwa na dhambi, nenda ukaungame, na hapo utaje jina moja bila haya: jina lako mwenyewe. Mashetani tuwaachie giza lao bila kuwapamba kwa majina. Sisi tulibatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, wala hatuna haja ya jina jingine.